Mama wa Jumapili

Hakuna aliyekuwa na mikono mitulivu kama Tupokigwe Mwakalobo katika Mnara wa Uokoaji wa Tukuyu. Wenzake walimsifu kwa hilo, na sifa zenyewe hazikuwa za kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mikono yake ilitulia kweli. Kilichokimbia ni moyo, na moyo hakuna aliyeuona.

Asubuhi ile mvua ilikuwa haijakatika tangu wiki iliyopita, na mteremko wa Ndobwe ulikuwa umeporomoka. Tope lilikuwa limemeza migomba, likameza zizi, sasa lilikuwa linapanda ukuta wa nyumba. Juu ya bati la nyumba hiyo mama mmoja alikuwa amemkumbatia mwanawe. Tupokigwe aliwaona kwenye kioo kilichokuwa mbele yake, wadogo kama vidole.

"Shusha mkanda," alisema. Droni kubwa ikashusha mkanda. "Taratibu. Upepo unatoka kushoto. Haya mama, mfunge mtoto kwanza. Mpitishe kwapani. Hivyo hivyo, mama yangu."

Sauti yake ilitoka kwenye kipaza sauti cha droni laini kabisa, ungedhani anamwelekeza mtu njia ya sokoni. Komba, mwenzake wa meza ya pili, mzaliwa wa Songea aliyejipa mwenyewe utani na mji mzima, alitikisa kichwa.

"Wewe mwanamke," alisema, "ukifa tutajuaje? Hata ukiwa hai hutikisiki."

Mtoto alinyanyuliwa, mama naye akafuata, bati likazama nyuma yao. Chumba kizima kilipiga makofi. Kabla makofi hayajaisha, simu ya Tupokigwe ililia. Ilikuwa shule.

"Mama Gwantwa, ni Mwalimu Asifiwe. Gwantwa ameanguka tena. Alikuwa anachora tu, akashika kifua, akaanguka. Amezinduka, lakini midomo bado haijarudi rangi."

Tupokigwe alivua vidude vya masikioni akavitupa mezani. Alipita mbio mlangoni pa chumba cha moto, kule chini ya mnara, ambako watu wa zamu iliyomalizika walikuwa wameketi kuzunguka jiko la mkaa na vikombe vya chai mkononi.

"Mama Gwantwa, kota moto kidogo kwanza!" mmoja alimwita.

"Nina mtoto mimi," alijibu, bila kugeuka.

* * *

Gwantwa alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo kiasi kwamba baba yake, Ambilikile, fundi cherehani, alimshonea kofia kwa kutumia kipande cha kitambaa kilichobaki baada ya kushona mfuko wa shati. Zamani watoto wa namna hiyo walifungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, ili mapigo ya mama yawafundishe yao. Ilisaidia sana, ila mama naye ni binadamu. Analala, anaugua, anakwenda chooni. Ndipo ikaja punje.

Punje ilikuwa kitu kidogo kama chembe ya mchele. Moja iliwekwa chini ya ngozi ya mama, usawa wa moyo, na nyingine kwa mtoto. Popote mama alipokuwa, pigo lake lilifika kifuani kwa mwanawe, hafifu, kama mtu anayegonga ukuta kutoka chumba cha pili. Watoto ambao zamani wangezikwa walianza kutembea, kukimbia na kuiba sukari kabatini. Punje yenyewe iliyeyuka taratibu mtoto alipokaribia kuanza darasa la pili, na kuitoa mapema kulihatarisha moyo uliokwisha kuizoea. Wazazi walikubali masharti hayo kwa mikono miwili. Nani angekataa?

Daktari Mwaisumo, mwanamke mfupi asiyependa kuzungusha maneno, aliweka picha mbili za mapigo juu ya meza yake.

"Huu mstari ni wewe, saa ile ya Ndobwe. Huu ni Gwantwa. Unaona? Wewe ukikimbia, na yeye anajaribu kukimbia nawe. Lakini moyo wake bado ni wa miaka sita, Mama Gwantwa. Unachoka katikati ya njia."

"Lakini mimi simwonyeshi kitu, Daktari. Nikifika nyumbani natabasamu. Sijawahi hata kumfokea. Muulize baba yake."

Ambilikile, aliyekuwa amempakata mtoto, aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli. Mkewe alimeza kila kitu.

"Najua," alisema daktari. "Kina mama wengi wenye punje wanafanya hivyo hivyo. Wanadhani inasoma uso. Haisomi uso. Mtoto anaona mama anacheka, na kifuani anasikia mama anakimbizwa. Sasa aamini kipi?"

Tupokigwe alijiona mjinga, na zaidi ya hapo alijiona mwizi, kwa sababu kile alichodhani anamkinga nacho mwanawe ndicho kilichokuwa kinamwangusha.

Daktari alifungua droo akatoa kifaa bapa chenye kibanio cha kuvaliwa kiunoni. Kiliitwa Tulivu. Kilizuia mapigo halisi ya mama yasitoke, na badala yake kikatuma mapigo aliyoyarekodi siku aliyokuwa na amani.

"Yaani nitamdanganya," alisema Tupokigwe.

"Ndiyo."

"Mwili wake."

"Ndiyo. Au uache kazi. Au ujifunze kushuka, kuutuliza moyo ukishakimbia, jambo ambalo linachukua muda, na moyo wake sina hakika utatupa muda huo. Ninakupa hiki kwa sababu ninaogopa, si kwa sababu nakipenda."

Tupokigwe alimtazama Gwantwa, aliyekuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye shati la baba yake. Halafu akawafikiria watu wa juu ya mabati. Msimu wa mvua ulikuwa bado mbichi. Alinyoosha mkono akakipokea.

Mapigo waliyarekodi Jumapili, nyumbani, Tupokigwe akiwa ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi za mchana, redio ikiimba kwaya, kuku wakigombania maganda na Gwantwa akiwafukuza. Mapigo mazuri sana. Daktari alisema hajawahi kupata mazuri kama hayo.

* * *

Tulivu ilifanya kazi, tena kwa namna ya kushangaza. Gwantwa hakuanguka tena. Alinenepa mashavu, alilala usingizi mzito, na alianza kumaliza chakula bila kubembelezwa. Mwalimu Asifiwe alituma salamu za pongezi. Ambilikile alimshonea mkewe mfuko maalumu wa kukihifadhia kifaa hicho, wenye ua jekundu.

Na Tupokigwe naye akapumua. Kwa kuwa moyo wake haukusikiwa tena na mtu, hakuwa na sababu ya kuuangalia. Akachukua zamu za wenzake. Akaanza kula amesimama. Mkono wake wa kushoto ukaanza kutetemeka kidogo anapomimina chai, akahamishia chai mkono wa kulia. Zamu ikiisha alikimbilia nyumbani kama kawaida, maana aliamini mama mwema ni yule anayefika mapema, na watu wanaokaa kukota moto na kupiga soga wakati watoto wanawasubiri aliwaona hawana haya.

Halafu ikaja siku ya Mzee Gwakisa wa Lupepo. Droni ilimfikia. Mkanda ulimfikia. Mzee alishika mkanda kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine akawa anavuta kamba ya ng'ombe wake, na alikataa kuiachia. "Baba, mwache," Tupokigwe alimsihi. "Baba yangu, nakuomba, mwache." Tope lilimchukua mzee huku akimtazama.

Hakuna aliyemlaumu. Alipita chumba cha moto bila kuitikia aliyemwita. Alifika nyumbani, akaketi kwenye kigoda chake uani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alilia mbele ya watu wa nyumba yake. Alilia kwa sauti, kamasi zinatoka, khanga mdomoni.

Gwantwa alitokea jikoni na kipande cha muhogo mkononi. Alisimama akamtazama. Uso wake haukuwa na hofu wala huruma. Ulikuwa na adabu tu.

"Shikamoo," alisema. "Karibu. Mama anamenya ndizi, akimaliza atakuja."

Tupokigwe alinyanyua kichwa. "Gwantwa. Ni mimi."

Mtoto alijishika kifuani, akasikiliza, kisha akatikisa kichwa kwa upole, namna wanavyomkatalia mgeni aliyekosea nyumba. "Hapana. Mama yupo huku. Halii." Akageuka, akaita kuelekea ndani, "Baba! Kuna mama analia hapa nje."

Ambilikile alitoka na mkanda wa kupimia shingoni. Alitazama mke, akatazama mtoto, na mkanda ukamwanguka. Aliketi chini kwenye udongo mbele ya mkewe, akamshika miguu yote miwili, na akabaki hivyo.

Tupokigwe hakuwahi kuumia vile. Mteremko mzima wa Ndobwe ungemwangukia kifuani usingemuuma kama ile shikamoo.

* * *

"Kiondoe," alimwambia Daktari Mwaisumo kesho yake.

"Nikikiondoa leo ataanguka leo."

"Basi nifanyeje? Mwanangu ana mama wawili, na anayempenda ni yule aliyerekodiwa!"

Daktari akafanya jambo ambalo madaktari hawalifanyi mara kwa mara: alizunguka meza akaja kuketi upande wa mgonjwa.

"Nisikilize. Sikuwahi kukutaka usipande. Watu wanazama kwenye tope, moyo usiopanda hapo ni wa jiwe. Tatizo lako ni kwamba ukipanda, hushuki. Unatoka mnarani uko juu, unafika nyumbani uko juu, unalala uko juu. Mtoto aliyesikia mama anapanda kisha anashuka, anajifunza kwamba hofu ina mwisho. Aliyesikia kupanda tu anadhani dunia inakwisha. Na huyu wa Jumapili, asiyepanda kabisa, hamfundishi kitu. Tutapunguza Tulivu kidogo kidogo. Lakini lazima utafute mahali pa kushukia. Mnarani kwenu mna kitu gani watu wanafanya baada ya zamu?"

Tupokigwe aliona aibu kuutaja moto.

Jioni ile, zamu ilipokwisha, alisimama mlangoni pa chumba cha moto kama mwanafunzi aliyechelewa. Desturi ile ilikuwepo tangu enzi za waokoaji wa kwanza, waliokuwa wanaingia milimani kwa miguu na kurudi wameloa chapachapa. Ilikuwa mwiko kwenda nyumbani kabla hujakauka. Siku hizi hakuna aliyeloa, kazi ni ya vioo na droni, lakini moto haukuzimwa na mwiko ulibaki.

"Ee, leo jua limetoka wapi?" Komba alisema. "Sogeeni, jamani, malkia amekuja kukota."

"Komba, usinianze."

"Sikuanzi. Vua viatu."

Akavua. Wakampa kigoda, wakampa chai ya tangawizi, wakaendelea na hadithi zao kana kwamba alikuwepo siku zote. Mmoja alisimulia alivyomwokoa jogoo akidhani ni mtoto. Walicheka. Kicheko kilipoisha, Tupokigwe akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Alinitazama. Yule mzee. Alikuwa ananitazama mimi, si droni."

Hakuna aliyemwambia pole harakaharaka ili anyamaze. Komba alichochea mkaa.

"Mimi niliyempoteza alikuwa ananiita kwa jina," alisema Komba. "Mwaka wa tatu sasa. Ndiyo maana hunioni nikiwahi kwenda nyumbani. Wanangu wananipenda nikiwa nimekauka."

Alisema hivyo bila utani wowote, na Tupokigwe akamtazama kama anamwona mara ya kwanza. Miaka yote ile alidhani yeye ndiye anayempenda mtoto wake kuliko watu hawa wanavyowapenda wao, kwa kuwa alikimbia. Wao walikuwa wanakaa pale kwa ajili ya watoto hao hao.

Alikaa mpaka vidole vya miguu vikapata joto. Na alipofika nyumbani, amechelewa, alichuchumaa mbele ya Gwantwa akasema jambo alilokuwa amelifanyia mazoezi njia nzima.

"Leo mama alikuwa na hofu kazini. Hofu ilikuwa ya kazi, si yako. Nimekota moto na wenzangu mpaka imeshuka. Ukisikia kitu kinapanda hapa," akaweka kiganja kwenye kifua cha mtoto, "ni mimi. Ngoja kidogo, utanisikia nikishuka."

Gwantwa alifikiri sana. "Na yule wa ndizi?"

"Ni mimi pia. Lakini wa Jumapili tu."

* * *

Kila juma daktari alipunguza Tulivu, na kila juma Tupokigwe alijifunza upya kazi aliyodhani anaijua. Alijifunza kula ameketi. Alijifunza kurudisha zamu za watu. Kwa mtu aliyezoea kusifiwa, hilo lilikuwa gumu kuliko kuongoza droni kwenye ukungu, na lazima tumpe haki yake: alilifanya.

Siku Tulivu ilipobaki kwenye mfuko wake wa ua jekundu nyumbani, imezimwa kabisa, mlima uliporomoka juu ya barabara ya Ntaba. Lori la chai lilikuwa limelala ubavu, kingo za barabara zinakatika, na kijana wa utingo alikuwa amebanwa mguu ndani yake.

Tupokigwe alishusha droni ya kwanza. Moyo ukapanda. Aliusikia sasa, alikuwa amejifunza kuusikia. Akilini akamwona Gwantwa darasani na kalamu mkononi. Mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, na droni, kule mlimani, ikayumba nao.

Zamani angeuma meno. Angetuliza mikono kwa nguvu na kuacha moyo uende unakokwenda. Alitazama kioo, akamtazama kijana wa utingo, na akasema neno ambalo mnara ule haukuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Komba, nipokee."

Chumba kilishtuka. Komba hakuuliza wala hakutania. Alivuta kiti akashika usukani. Tupokigwe alikwenda dirishani, akaweka viganja viwili kwenye kioo cha baridi, akapumua mpaka tumboni. Alijisemea kwa sauti, wote wakisikia, "Ninaogopa. Ni hofu ya kazi. Ninashuka." Tena. Na tena. Mvua ilitiririka upande wa pili wa dirisha. Taratibu, moyo ukamtii.

Alirudi mezani. "Haya, nipe. Wewe shika droni ya mkasi, mimi nashika ya mkanda."

Walimtoa yule kijana wakiwa wawili, mmoja akikata chuma na mwingine akivuta, na lori likaondoka na ukingo mara tu miguu yake ilipoachana nalo. Safari hii makofi Tupokigwe hakuyasikia. Alikuwa anatazama simu.

Ililia. Mwalimu Asifiwe.

"Mama Gwantwa, usishtuke. Nakupigia kwa jambo la ajabu tu. Mwanao alikuwa anasoma, akashika kifua. Nikakimbia kumdaka. Akaninyooshea kidole hivi, akasema, 'Subiri, Mwalimu. Mama amepanda.' Darasa zima likanyamaza. Tukakaa tunamtazama. Halafu akacheka, akasema, 'Haya, anashuka,' akaendelea kusoma. Mpaka sasa hatujui alikuwa na maana gani, lakini wenzake wote wanataka kujifunza."

Tupokigwe alikaa chini palepale sakafuni. Komba alimshika mkono, akamnyanyua, akamshusha ngazi mpaka kwenye moto.

* * *

Punje iliyeyuka wakati wake ulipofika, bila kelele, kama jino la utoto. Daktari Mwaisumo alipima, akasema moyo wa Gwantwa sasa unakwenda wenyewe, na unakwenda vizuri. Tupokigwe alifurahi, na usiku kucha aliona upweke. Hakukuwa tena na mtu wa kumsikia. Hata hivyo aliendelea kuketi kwenye moto kila baada ya zamu, kwa kuwa uso, sauti na mikono vingemfikishia mtoto yale yale ambayo punje ilikuwa inamfikishia.

Alasiri moja alikuwa jikoni akasikia vishindo vya miguu ya shule vikija mbio uani, kisha vikasimama. Alingoja mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Alichungulia.

Gwantwa alikuwa ameketi kwenye kizingiti, begi mgongoni, goti moja lina damu na soksi imechanika. Mbwa wa jirani alikuwa anabweka bado kule barabarani. Mtoto alikuwa amenyoosha viganja vyote viwili mbele yake, hewani, mahali pasipo na moto wowote.

"Gwantwa! Umefanyaje? Mbona huingii?"

"Ngoja kwanza, mama," alisema, sauti bado inatetemeka. "Nakota."

Tupokigwe alisimama na mwiko mkononi. Alitaka kumkimbilia, kumnyanyua, kumfuta goti, kumtukana mbwa na mwenye mbwa. Hakufanya hata kimoja. Alivua viatu, akaketi kwenye kizingiti karibu na mwanawe, akanyoosha viganja vyake navyo mbele, na wakangoja pamoja mpaka alipokauka.